Mkono Unaomimina

Kabla ndege haijatua, pombe hufungwa. Vichupa vilivyobaki vinarudishwa kwenye troli, vinahesabiwa, mlango wa troli unatiwa lakiri ya plastiki yenye namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye fomu ambayo afisa forodha wa nchi tunayoingia anaweza kuidai. Pombe ile haijalipiwa ushuru katika nchi hiyo, kwa hiyo haitakiwi itoke ndani ya ndege. Nilipoanza kazi ya uhudumu katika shirika moja la ndege la Ghuba, binti wa Tanga ambaye hajawahi kushika glasi ya mvinyo mkononi, hilo lilinishangaza kuliko mengine yote. Kichupa cha wiski cha mililita 50 kilikuwa na hesabu yake, fomu yake na saini ya mtu aliyekifungia. Abiria aliyekunywa vitano vya namna hiyo hakuwa na fomu. Alishuka, akaenda zake.

Kanuni za pombe angani nyingi ni nzuri, zimetungwa na watu makini, na mimi nimeishi chini yake na kuziheshimu. Lakini pengo lake liko hapo hapo. Zinaijua chupa kuliko zinavyomjua anayemimina na anayemiminiwa.

Nyumbani kwetu hakuna anayekunywa. Nilipopata kazi ile, baadhi ya ndugu walisema mshahara wangu una doa, kwa kuwa katika mafundisho tuliyolelewa nayo mbebaji na mmiminaji wa pombe nao wamo katika lawama, si mnywaji peke yake. Sikuwabishia na sitawabishia leo. Walisema walichokiamini, nami niliichukua kazi nikijua uzito wake. Bibi yangu mzaa mama ndiye pekee aliyeuliza habari za kazi yenyewe.

"Na wakilewa huko juu, mjukuu wangu, nani anawashika?"

Nikamwambia tunafundishwa.

"Basi jifunze hilo kwanza. Hayo ya kumimina yatakuja yenyewe."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Nyumba yake ilikuwa njia ya Mwambani, kwenye minazi, na jirani yake mama mmoja aliuza tembo. Sisi watoto tulimwita shangazi ingawa hatukuwa na undugu. Alikaa barazani na kata yake mapajani, na aliwajua wanywaji wake wote: nani kapokea mshahara leo bandarini, nani mkewe ni mjamzito, nani akinywa hulia na nani akinywa hupiga. Wengine aliwauzia kata mbili, akafunika chombo. Aliyemlazimisha alijibiwa kwa sauti ambayo sisi tuliokuwa tukicheza nje tuliisikia: "Kesho asubuhi mkeo atapita hapa kwenda kuteka maji. Mimi nitamwambia nini?" Hakuwa na leseni yenye masharti marefu, wala hakuwa amesoma kanuni yoyote. Alichokuwa nacho ni kesho asubuhi.

Darasani, huko Ghuba, tulifundishwa kanuni. Iliyo mama wa nyingine nyingi ilitungwa Marekani mwaka 1960. Kabla ya hapo abiria wa huko waliingia na chupa zao mifukoni, na malalamiko ya marubani na wahudumu yakafika hadi bungeni. Mwaka 1956 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuondoa kabisa pombe ndani ya ndege, lakini haukufika kuwa sheria. Iliyokuja baadaye ni kanuni ya kati na kati, nayo ingali hai: abiria asinywe pombe yoyote ndani ya ndege isipokuwa ile aliyopewa na shirika lenyewe, na shirika lisimpe pombe mtu anayeonekana amelewa, wala lisimpandishe. Hata mtu anayesafirishwa chini ya ulinzi, na anayemlinda, na mwenye silaha, hawapewi. Mashirika mengi duniani yanafuata njia hiyo hiyo.

Abiria wengi huidhania sehemu ile ya "usinywe ya kwako" kuwa ni ubahili. Wamenunua chupa yao kwenye duka lisilotozwa ushuru, wamelipa fedha zao, kwa nini wasiifungue? Jibu ni kwamba mhudumu hawezi kupima kitu ambacho hakukimimina yeye. Niliporudi nyumbani na kufanya kazi kwenye safari za ndani, hilo nililiona waziwazi katika miaka ile kabla Tanzania haijapiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kilikaa mfuko wa shati bila kuonekana. Kanuni ya mililita 100 ya vimiminika, iliyoletwa baada ya njama ya London ya Agosti 2006, ilikusudiwa kuzuia mabomu, na kiroba kilikuwa kidogo kuliko hapo. Mtu aliyepokea soda moja kutoka mkononi mwangu Dar es Salaam alishuka Mwanza akiyumba, na katika kumbukumbu zetu za safari alikuwa amekunywa soda moja.

(Kanuni nyingine, ile ya kutobeba pombe yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 70, na kutozidisha lita 5 kwa iliyo kati ya asilimia 24 na 70, ni ya kuzuia moto tu.)

Sasa anayeonekana amelewa ni nani? Kwangu mimi, mfanyakazi, sheria ilikuwa na namba. Uingereza, rubani au mhudumu wa ndege akikutwa kazini na zaidi ya miligramu 20 za alkoholi katika mililita 100 za damu ametenda kosa, ilhali dereva wa gari huko England anaruhusiwa hadi 80. Marekani inadai saa nane zipite tangu glasi ya mwisho. Kwa abiria hakuna namba. Sheria ya Uingereza inasema tu kwamba mtu asiingie ndani ya ndege akiwa amelewa wala asilewe akiwa ndani yake, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili, lakini mlangoni hakuna chombo cha kupuliza. Kuna jicho la kijana wa miaka ishirini na kitu, anayewakaribisha watu mia tatu, sekunde mbili kwa kila mmoja.

Kiongozi wangu wa kwanza wa kabini, mama wa Kifilipino aliyekuwa ameanza kuruka mimi nikiwa sijaanza shule, ndiye aliyenifundisha kuzitumia sekunde mbili zile. Aliniambia nisiseme "karibu" halafu nimgeukie anayefuata. Niulize kitu kinachohitaji jibu: umetokea wapi leo, mtoto ana miaka mingapi. Jibu lina kasi yake, lina harufu, lina macho nyuma yake. Ndani, tulimweka kila mnywaji katika rangi za taa za barabarani. Wa kijani anaongea na jirani, anacheka, anakula. Wa njano sauti imepanda, anaagiza mbili kwa mpigo, amemgusa mhudumu begani. Wa nyekundu hapewi tena, na kiongozi na rubani wanajulishwa. Kazi yote ni kwenye njano. Ukimkuta mtu ameshafika nyekundu umechelewa, kwa sababu kile alichokunywa nusu saa iliyopita bado kinapanda.

Na jicho hudanganywa. Usiku mmoja, safari ya kwenda Ulaya, mwenzangu alikuja jikoni akasema mzee wa safu za nyuma amelewa, anamtukana mkewe na ulimi umemlemea. Nilikwenda nikachutama kando ya kiti chake, uso wangu karibu na wake. Hakuwa na harufu yoyote ya pombe. Alikuwa ametota jasho, na mikono ilimtetemeka. Mkewe, aliyekuwa amejifunika ushungi kwa aibu, alinong'ona kwamba mumewe ana kisukari na alijidunga dawa yake kabla ya chakula, na chakula kilichelewa. Tulimpa juisi yenye sukari, glasi mbili, kidogo kidogo. Robo saa baadaye aliniuliza kwa upole kabisa kama amesema maneno mabaya. Tangu siku ile, kila ninayemfundisha namwambia asiseme "mlevi" kabla hajachutama.

Kumnyima mtu ni ufundi, na ufundi wenyewe unafanana sana na wa shangazi yule wa Mwambani. Hatukuanza na kukataa. Tulichelewa. Taa ya kumwita mhudumu ikiwaka tulikwenda na maji kwanza, au na karanga, tukauliza kama amekula. Wiski ilikwenda na barafu nyingi na soda nyingi. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukungoja sifa. Tulitoa kichupa kimoja kimoja, na kila aliyetoa aliwaambia wenzake, kwa sababu mnywaji mjanja humwagiza huyu wa ujia wa kulia kisha akaenda choo cha nyuma kumwagiza yule wa kushoto. Ilipobidi kukataa, ilikataliwa na mtu mmoja, kwa sauti ya chini, akiwa amechutama ili asimsimamie mtu kichwani mbele ya watu. Nimemwona mwanamume mwenye kifua kama mlango akikubali kunyimwa kwa sababu aliombwa kwa heshima. Nimemwona pia mpole akigeuka chui kwa sababu mhudumu alimkatalia kwa sauti, safu tatu zikasikia.

Wanywaji wenyewe hawajui jambo moja ambalo laiti lingetangazwa pamoja na mikanda ya usalama. Hewa ya ndani ya ndege, hata ikiwa imeshindiliwa, huruhusiwa kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400 hivi, juu kidogo ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Ndege mpya za aina ya Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzirusha mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, huishia kwenye mita 1,800 hivi, yaani Nairobi. Oksijeni imepungua, hewa ni kavu, na mwili umekaa mahali pamoja kwa saa nyingi. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Thorax jaribio walilowafanyia watu wazima wenye afya njema: walilala katika chumba chenye hewa nyepesi kama ya ndege, baada ya kunywa kiasi cha bia mbili za kopo au glasi mbili za mvinyo. Usingizini oksijeni ya damu yao ilishuka hadi asilimia 85 hivi, na mioyo ikapiga karibu mara 88 kwa dakika. Daktari akiona namba hizo kwa mgonjwa aliyelala wodini hushtuka. Na hao walikuwa na afya. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka tabia ya kiongozi wangu yule Mfilipino, ambaye usiku, taa zikizimwa, alipita ujiani akitazama vifua vya waliokunywa wakalala. Hakuwahi kutueleza sababu, nasi tulimwiga.

Kuna desturi nyingine ambazo hazimo katika kitabu chochote cha kanuni, nazo nilizipenda zaidi. Kwenye safari za Dar es Salaam tulikuwa na mchanganyiko wa watu ambao sijauona penginepo: wafanyabiashara wanaotoka Guangzhou na mizigo yao, mabinti wanaorudi kutoka kazi za nyumbani Oman, watalii wa Kilimanjaro, wazee wanaotoka umra. Siku moja mzee mmoja wa Kipemba, kofia ya kiua kichwani, alitazama glasi ya jirani yake Mzungu akamwonyeshea kidole mwenzangu, mtu wa Ulaya Mashariki. Mwenzangu akatabasamu, akachukua chupa ya mvinyo mwekundu. Nilikuwa safu mbili nyuma.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nami nataka hiyo juisi ya zabibu."

"Babu, hiyo ni pombe. Juisi ya zabibu ninayo nyingine, nitakuletea."

Aliuvuta mkono wake kama aliyegusa moto, kisha akaniombea dua ndefu hadi abiria wa mbele wakageuka. Mwenzangu hakuwa na kosa hata chembe. Alionyeshwa glasi, akataka kumpa mgeni alichokionyesha. Lakini tangazo letu lilisomwa kwa Kiingereza na Kiarabu, na orodha ya vinywaji iliandikwa hivyo hivyo, kwenye ndege ambayo nusu ya abiria walizungumza Kiswahili. Tangu hapo, kila niliposafiri njia ile, kwenye kikao cha kabla ya safari niliwafundisha wenzangu kuuliza swali moja la Kiswahili kabla ya kumimina kitu chochote chekundu: "Ni pombe, sawa?" Walilitamka vibaya, wakaeleweka vizuri.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa na adabu zake. Ndege ikielekea magharibi inalikimbiza jua, saa ya Magharibi inachelewa, na aliyefunga anaweza kukaa na kisanduku chake cha tende na maji mbele yake saa nzima zaidi ya aliyefunga ardhini. Saa ya kufuturu ilihesabiwa kwa mahali ndege ilipo na urefu wake angani, nasi tuliitangaza. Pombe iliendelea kutolewa kwa wanaotaka. Nakumbuka kijana wa Kiingereza aliyeletewa bia yake, akamtazama mwanamke aliyekaa kando yake na kisanduku kisichofunguliwa, akanirudishia kopo. "Nitakunywa akishafungua," akasema. Hakuna aliyemwagiza.

Safari za Jeddah zilikuwa jambo jingine. Huko troli ya pombe haikufunguliwa kabisa, na kabla ya kufika mikati, mpaka wa kuvaa ihramu, rubani alitangaza ili mahujaji waivae na kutia nia. Mashirika kama Saudia, Kuwait Airways na Royal Brunei hayagawi pombe katika safari zao zozote. India inaikataza kwenye safari za ndani ya nchi, lakini za nje inaruhusu. Mtu anaweza kudhani mambo ya kufungia pombe kwa sababu ya nchi iliyo chini ni ya Uarabuni tu. La. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasheria mkuu wa jimbo la Kansas huko Marekani, Vern Miller, aliyataka mashirika ya ndege yaache kuuza pombe wakati yanapita juu ya jimbo lake, kwa kuwa sheria ya Kansas ilikataza kuuza pombe kwa glasi kwenye mabaa. Mashirika yakatii. Abiria alinyimwa kinywaji kwa dakika kadhaa za mashamba ya ngano, kisha akapewa.

Sisemi ndege zote ziwe kama za Jeddah. Nimewahudumia watu wengi waliokunywa glasi moja na chakula, wakasoma kitabu, wakalala, wakashuka wakishukuru, na sina neno nao. Ninachokililia ni wajibu.

Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyepanda jioni katika uwanja mmoja wa Ulaya. Mlangoni alijibu vizuri, akanyoosha maneno. Alipewa bia moja. Saa moja baadaye alimkamata mwenzetu mkono, binti mdogo aliyekuwa mwezi wake wa kwanza kazini, akaupinda hadi akapiga kelele. Alisomewa onyo la rubani, akalichana. Tulimfunga pingu za plastiki, watu wanne, na abiria wawili wakatusaidia. Rubani alishusha ndege katika nchi iliyokuwa karibu, polisi wakaja, wakaandika, wakamshusha. Tuliposhuka kumpeleka mwenzetu hospitali, mkono umevimba, tulimkuta yule bwana kwenye mkanda wa mizigo akisubiri begi lake. Polisi walitueleza kwa ustaarabu kwamba ndege imesajiliwa nchi nyingine, tukio limetokea angani, na wao hawana mamlaka ya kumshitaki.

Walikuwa sahihi kisheria. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 ulimpa rubani uwezo wa kumzuia mtu na kumshusha, lakini kesi uliiweka zaidi mikononi mwa nchi ambako ndege imesajiliwa. Ndege iliyosajiliwa Ghuba, ikitoka Ulaya, ikishusha mtu nchi ya tatu, kesi inabaki hewani. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014 ililiziba pengo hilo kwa kuipa mamlaka nchi ambako ndege inatua, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2020, kwa nchi zilizoiridhia. Haja ilikuwapo. IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege, ilihesabu tukio moja la vurugu za abiria kwa kila safari 568 mwaka 2022, kutoka moja kwa kila safari 835 mwaka uliotangulia, na ulevi ni mojawapo ya sababu kubwa.

Lakini mawazo yangu hubaki kwenye ile bia moja. Sisi tulimpa moja. Mwenyewe, alipotulia, alituambia alikuwa kwenye baa ya uwanja tangu mchana kwa sababu ndege yake ya kwanza ilichelewa. Mtu fulani alimmiminia saa baada ya saa, akapokea fedha, akamwona akiinuka kwenda getini, na hapo kazi yake ikaisha. Hakuna fomu, hakuna taa za kijani na njano, hakuna kuchutama. Huko England na Wales jambo hili limewekewa hata kinga: sheria ya leseni za pombe ya mwaka 2003 haizifikii baa zilizo ng'ambo ya ukaguzi wa usalama viwanjani. Ndiyo maana bia inauzwa humo alfajiri, saa ambayo mtaani baa nyingi zimefungwa. Mwaka 2017 kamati ya Baraza la Malodi ilipendekeza kinga hiyo iondolewe, na serikali ikakusanya maoni. Mwaka 2024 mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, alitaka abiria wasiuziwe zaidi ya vinywaji viwili kwenye baa za viwanjani. Nakubaliana naye, na ningetaka kikomo kiingie hadi ndani ya ndege zinazouza, kwa sababu katika mashirika mengi ya bei nafuu mhudumu hupata kamisheni kwa kila anachouza ujiani. Huwezi kumpa mtu kazi ya kufunika chombo huku unamlipa kwa kila kata.

Mashirika yenyewe yanajua kwamba kumimina kunaweza kuchochea. Mei 2021, baada ya abiria kumpiga mhudumu huko Marekani na kumvunja meno mawili, Southwest iliahirisha mpango wake wa kurudisha pombe, na American ikafanya hivyo hivyo, ingawa tukio lile halikuanzia kwenye glasi. Yaliona kwamba ghadhabu iliyokwisha kuwepo haifai kuongezewa. Mwaka huo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipokea taarifa karibu 6,000 za abiria wakorofi.

Siku hizi nafundisha wahudumu wapya hapa Dar es Salaam. Wanakuja wakiwa na hofu ya mtikisiko na moto. Nami naanza na mlango na salamu. Lakini nilichoka kuwafundisha watu wa mwisho katika mnyororo peke yao, kwa hiyo nilikwenda kuzungumza na vijana wanaohudumia kwenye mgahawa mmoja wa uwanjani, upande wa wanaosubiri kupanda. Walinipa muda wao wa chai. Niliwaeleza habari za hewa ya juu, na za pingu, na za mkono wa yule binti. Dada mmoja aliyekuwa akipanga glasi aliniuliza kama kuna sheria inayomruhusu kumkatalia mteja. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kadhaa na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza. Mwenzake akasema, "Dada, hata ukikataa, atahamia meza ya pili, na meneja atakuuliza mauzo yameenda wapi."

Tulikubaliana jambo dogo. Akiwapo mteja wa njano, watamletea chakula na maji kwanza, wataangalia kadi yake ya kupandia, na watapiga simu getini kutaja safari, ili wahudumu wa ndege hiyo wajue kabla hajafika mlangoni. Namba za simu za getini tulizibandika kando ya mashine ya risiti. Mwezi ujao tunakutana tena, na safari hii nimeomba meneja awepo, na mwenye mgahawa, kwa sababu hao ndio wanaouliza mauzo yameenda wapi.